Jaribio la nasibu la makundi: maana yake, na kwa nini mtakwimu huhesabu vijiji kwanza

Jaribio la nasibu la makundi ni utafiti ambao kura ya nasibu haichezeshwi kwa mtu mmoja mmoja, bali kwa kundi zima la watu, kama vile kijiji, shule au eneo linalohudumiwa na kituo kimoja cha afya. Kura hiyo huamua ni makundi yapi yapate huduma mpya na yapi yaendelee na huduma ya kawaida ili yalinganishwe. Mtakwimu wa chuo kikuu aliyebobea katika fani hii hushughulika na swali moja zito: je, tofauti inayoonekana kati ya pande mbili imetokana na huduma, au vijiji vingetofautiana vivyo hivyo hata kama huduma hiyo isingeletwa?

Mfano mashuhuri kuliko yote katika Kanda ya Ziwa ulifanyika katika Mkoa wa Mwanza wa wakati ule, kabla Geita haijawa mkoa. Watafiti walichukua jamii 12, wakazipanga katika jozi 6 zinazofanana kwa mazingira, kwa kuwa kijiji cha kisiwani hakilinganishwi kwa haki na kijiji cha kando ya barabara kuu. Katika kila jozi, jamii moja iliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa: watumishi wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa, dawa zikapelekwa bila kukatika, na usimamizi ukafanywa mara kwa mara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionesha kwamba, kati ya watu ambao hawakuwa na VVU mwanzoni, waliopata maambukizi katika miaka miwili walikuwa 48 kati ya 4,149 upande wa huduma, na 82 kati ya 4,400 upande wa ulinganisho, yaani asilimia 1.2 dhidi ya 1.9.

Msomaji atadhani kwamba uzito wa matokeo hayo unatokana na maelfu ya watu waliopimwa. Sivyo. Watu wa kijiji kimoja hutibiwa katika zahanati ileile, huuza samaki kwenye mwalo uleule na huchumbiana wao kwa wao, kwa hiyo ukimjua mmoja umeshajua kiasi fulani kuhusu jirani yake. Tuseme kila kijiji kina watu 1,000 katika utafiti na kiwango cha kufanana kwao ni 0.002 tu, kiasi kinachoonekana kuwa si kitu. Kwa kanuni ya watakwimu, 999 mara 0.002, ukiongeza 1, ni karibu 3. Maana yake watu 12,000 wanatoa taarifa sawa na watu 4,000 waliochaguliwa mmoja mmoja. Anayepuuza hesabu hii hujiaminisha kupita kiasi, na kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa, kwa sababu sera ya afya ya watu wengi inaweza kujengwa juu yake.

Ndiyo maana jambo lenye nguvu zaidi katika matokeo ya Mwanza ni kwamba maambukizi yalikuwa pungufu upande wa huduma katika jozi zote 6. Kama huduma isingekuwa na athari yoyote, kila jozi ingeweza kuelemea upande wowote sawasawa, na uwezekano wa zote 6 kuelemea upande wa huduma ungekuwa 1 kati ya 64.

Kazi ya mtakwimu, basi, huanza kabla ya mtu yeyote kutolewa damu. Yeye hukokotoa idadi ya makundi yanayohitajika, na Richard Hayes wa London, mmoja wa waandishi wa ripoti ya 1995, alichapisha pamoja na Bennett mwaka 1999 kanuni rahisi ya hesabu hiyo. Kando ya utafiti wake, mtakwimu hufundisha, huhakiki makala za wenzake, na huketi katika kamati huru zinazokagua usalama wa washiriki jaribio likiendelea.

Pia hutakiwa kueleza matokeo yanapopingana. Huko Rakai, Uganda, upande wa pili wa ziwa, jaribio la kuwatibu watu wote kwa mkupuo halikupunguza maambukizi ya VVU. Huduma zenyewe zilikuwa tofauti, na hatua ya janga pia: Rakai takriban asilimia 16 ya watu wazima tayari walikuwa na VVU, ilhali Mwanza walikuwa karibu asilimia 4, na VVU vinapokuwa vimeenea kiasi kile, sehemu ya maambukizi mapya inayochochewa na magonjwa mengine ya zinaa hupungua.