Kliniki ndogo ya meno inapokaukiwa fedha: dhana potofu na ukweli wake

Katika miji ya Mtwara, Masasi na Lindi, fedha mifukoni mwa watu hufuata korosho. Minada hufunguliwa karibu na Oktoba, malipo ya wakulima hupitia vyama vya msingi vya ushirika, na mtu aliyevumilia jino bovu tangu Mei hufika kwa daktari Novemba. Msimu wa 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo ya wakulima wengi yakasubiri uhakiki hadi mwaka uliofuata, hata wafanyabiashara wasio na mkorosho mmoja walitikisika. Kliniki ya meno yenye kiti kimoja au viwili huumia mapema katika hali ya namna hiyo, kwa kuwa mgonjwa huweza kuahirisha kuziba jino, ilhali pango, mishahara na umeme haviahirishwi. Hata hivyo, mara nyingi kinachoiangusha si upungufu wenyewe, bali ni mambo ambayo mwenye kliniki na wanaomshauri huyaamini wakati huo.

Dhana: Kliniki yenye wagonjwa wengi na faida vitabuni haiwezi kufilisika.

Ukweli ni kwamba kliniki hufungwa kwa kukosa fedha taslimu siku ya malipo, hata ikiwa hesabu za mwaka zinaonyesha faida. Mgonjwa wa bima aliyezibwa jino leo huhesabiwa kuwa mapato, lakini dai lake hujazwa, hukusanywa pamoja na mengine hadi mwisho wa mwezi, hupelekwa kwenye mfuko wa bima, huhakikiwa, na ndipo hulipwa, pengine likiwa limekatwa kwa sababu saini ya mgonjwa ilikosekana au huduma iliandikwa isivyo. Wakati wote huo ganzi, glavu na dawa ya kuzibia vimekwisha kununuliwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kukopa na kabla ya kumpunguza mfanyakazi yeyote, ni kuchora jedwali la wiki 13 zijazo na kuandika kwa kila wiki fedha itakayoingia kwa hakika na ile ambayo lazima itoke. Madai ya bima yaandikwe katika wiki ambayo mfuko umezoea kulipa, si katika wiki ya tiba. Anayejua leo kwamba fedha itakatika wiki ya sita ana muda wa kujadiliana, na muda huo ndio mtaji wake mkubwa kuliko wote. Sambamba na hilo, madai yaliyokataliwa yatolewe kabatini yasomwe moja moja, kwa kuwa mengine yana kasoro ya karatasi tu na huweza kurekebishwa na kurejeshwa ikiwa muda wa mkataba haujapita.

Dhana: Ukimwambia anayekudai kwamba huna fedha, umejimaliza.

Kinachommaliza mdaiwa ni kutopokea simu. Mwenye nyumba mjini Lindi anajua ugumu wa kumpata mpangaji mwingine wa vyumba vilivyowekewa mabomba ya kiti cha meno, na muuzaji wa vifaa aliyeko Dar es Salaam angependa kulipwa kidogo kidogo kuliko kumpoteza mteja wa miaka. Benki nayo huwa na nafasi kubwa zaidi ya kupanga upya marejesho kabla mkopo haujaingia kwenye orodha ya mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati. Kwa upande wa kodi ya mapato, wengi huendelea kulipa awamu kwa makadirio yaliyofanywa mambo yalipokuwa mazuri, ilhali sheria inaruhusu kuwasilisha makadirio mapya ndani ya mwaka ikiwa mapato yameshuka, na walio na malimbikizo wanaweza kuiomba Mamlaka ya Mapato (TRA) walipe kwa awamu. Maombi hayo yafanywe kwa maandishi, yakiambatana na lile jedwali la wiki 13.

Dhana: Mkopo wa haraka utavusha.

Mikopo inayoitwa kausha damu haikupewa jina hilo bure. Shilingi 2,000,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi hudai shilingi 400,000 kila mwezi kabla deni lenyewe halijaguswa.

Dhana: Kubana matumizi maana yake ni kupunguza kila kitu.

Hapa naomba wenye kliniki wanisikilize kwa makini. Vifaa vinavyoingia kinywani hutakaswa kwa mvuke wenye shinikizo, kwa kawaida nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15, na hakuna upungufu wa fedha unaohalalisha kuvifuta tu kwa dawa au kurudia glavu, kwa sababu virusi vya homa ya ini B na VVU havijui hali ya akaunti ya daktari. Kuacha stoo tupu nako ni hatari kusini: Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya vilipoharibu barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, mizigo ilikwama. Pa kubana papo kwingine: dawa zinazonunuliwa kwa wingi hadi zikaisha muda, mashine mpya inayoweza kungoja, na kiti cha pili kisichotumika ambacho daktari mwenzako anaweza kukikodi kwa siku kadhaa kwa wiki.

Kuhusu wafanyakazi, yapo mawazo kwamba mwajiri aliyeishiwa anaweza kuwaaga asubuhi moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka atoe taarifa na kushauriana nao kwanza, na aliyefikisha mwaka kazini hulipwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili, hadi miaka kumi. Kupunguza saa za kazi kwa makubaliano ya maandishi mara nyingi huwa nafuu kwa pande zote.

Dhana: Dawa ya kukosa wagonjwa ni kushusha bei.

Bei iliyoshushwa chini ya gharama huongeza hasara kwa kila mgonjwa anayekaa kwenye kiti. Wagonjwa wa kutafutwa kwanza wamo tayari kwenye mafaili: waliosafishwa mzizi wa jino wakaondoka na kizibo cha muda, waliochukuliwa vipimo vya meno bandia wasirudi, na watoto waliopangiwa kuzibwa meno mengine. Kizibo cha muda huvuja na maambukizi hurudi, hivyo kuwapigia simu ni wajibu wa kitabibu kabla ya kuwa njia ya mapato. Mkulima wa Newala au Tandahimba asiye na fedha Agosti apangiwe malipo ya awamu, sehemu kubwa ikiangukia baada ya minada, huku kiasi cha mwanzo kikitosha walau kulipia vifaa vitakavyotumika kinywani mwake.