ISBN haimzuii mwizi

Wiki hii tena, kwenye kundi letu la waandishi wa Tanga, mwenzetu kaweka picha ya jalada lake jipya na kuandika: "Alhamdulillahi, ISBN imetoka, sasa kazi yangu imelindwa." Makofi na maua yakamiminika, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba bado hajalindwa na chochote alichokuwa hana jana. Mimi nimechoka kujibu jambo hili kwa kidole gumba kila mwezi. Jibu lenyewe ni hili, mtakuwa mnatumiana.

ISBN ni namba ya kutambulisha toleo la kitabu ili muuza vitabu, mkutubi na mwenye ghala wasichanganye kitabu kimoja na kingine. Basi. Haimpi mtu haki yoyote juu ya maandishi. Shairi lako lilipata hakimiliki pale ulipolitunga, kabla ya mhariri, kabla ya jalada, kabla ya makofi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi kwa kule kubuniwa kwake tu. Ukiisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, unapata ushahidi wa kukufaa siku ya ugomvi, na hilo ni jema, lakini haki hukuipata kwa cheti. Wenzetu wa Unguja na Pemba wana sheria yao na ofisi yao, COSOZA, kwa hiyo tusiwapeleke kwenye dirisha lisilowahusu. Na kinacholindwa ni maandishi, si wazo. Hadithi ya binti anayetoroka ndoa ya lazima si mali ya mtu.

Twende kwenye namba yenyewe, maana ukiielewa hutadanganywa. Tangu Januari 2007 ISBN ina tarakimu 13. Za huku kwetu huanza na 978, kisha tarakimu za nchi: kwa Tanzania ni 9976 au 9987, Kenya utakutana na 9966, Uganda 9970. Baada ya hapo zinabaki tarakimu tano za kugawana kati ya mchapishaji na kitabu, kisha moja ya mwisho ya ukaguzi. Hizo tano ndizo zenye siri. Mchapishaji mkubwa hupewa kitambulisho cha tarakimu mbili, akabakiwa na tatu za vitabu, yaani vitabu 1,000. Wa kati hupewa tatu na nafasi 100. Mwandishi anayejichapishia kama mimi hupewa nne, na nafasi zake ni 10. Ukiona namba ya mtu ina kipande kimoja kirefu cha mchapishaji na tarakimu moja tu ya kitabu, huyo ni mdogo mwenzako, hata kama jalada lake linang'aa.

Tarakimu ya ukaguzi unaweza kuihesabu mwenyewe kwenye karatasi ya maandazi. Chukua namba hii niliyoibuni: 978-9987-8812-3. Tarakimu ya kwanza zidisha kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, na kuendelea hivyo hadi ya kumi na mbili. Jumla yake ni 151. Kutoka 151 hadi kumi inayofuata, yaani 160, pamepungua 9. Kwa hiyo namba kamili ni 978-9987-8812-3-9. Mpangaji kurasa akigeuza 12 ikawa 21, jumla inakuwa 153 na hesabu inakataa, kosa limekamatwa. Tundu lipo moja: tarakimu mbili jirani zinazopishana kwa 5, mathalani 3 na 8, zikibadilishana nafasi hesabu inakubali kana kwamba hakuna kilichotokea. Soma kwa macho pia. Kosa ninaloliona zaidi liko kwenye vitabu vya zamani vinavyorudishwa sokoni: mtu anachukua ISBN ya tarakimu 10, anaibandika 978 mbele na kuiacha tarakimu ya mwisho ya zamani. Ile ya zamani ilikokotolewa kwa kanuni nyingine. Lazima uhesabu upya.

Sasa tufike panaponikera hasa, nako ni "ISBN ya bure" ya mpiga chapa.

Anakupa bei ya kifurushi: nakala 200, usanifu wa jalada, na ISBN juu yake. Wewe unafurahi. Namba ile anaitoa kwenye fungu lake mwenyewe, na kwenye kumbukumbu za Bodi ya Huduma za Maktaba, ambayo ndiyo inayotoa ISBN Tanzania Bara, mchapishaji wa kitabu chako ameandikwa yeye. Maktaba au duka likitaka nakala hamsini, litamtafuta yeye. Atakumbuka kukupigia? Labda. Chapa ya pili ukitaka kuipeleka kwa mtu mwingine mwenye bei nafuu, unakuta namba imefungamana na jina la yule wa kwanza, na ukichukua namba mpya kwa jina lako, maandishi yale yale yanaonekana sokoni kama vitabu viwili tofauti.

Kosa hilo hilo la kuchanganya ISBN na hakimiliki hapa humuumiza mwandishi kwa upande wa pili. Nimeshaona waandishi wanaokaa na mpiga chapa mbaya mwaka hadi mwaka, gundi inaachia, kurasa zinakuja kichwa chini, na ukiwauliza kwa nini hawaondoki wanasema, "Kitabu kina ISBN yake, ni chake." Si chake, jamani! Yeye ana namba, wewe una kitabu. Kama hukusaini karatasi ya kumhamishia haki, ondoka leo na mswada wako, chukua namba yako, chapa upya. Usumbufu wa katalogi upo, lakini hakuna atakayekushitaki kwa kuchapa maneno yako mwenyewe. Ulichosaini, hata hivyo, kisome. Kuna "fomu ya oda" ambayo mstari wake wa mwisho ni mkataba.

Namna ya kugundua ni rahisi: chukua vitabu viwili vya waandishi tofauti vilivyopita kwa mpiga chapa huyo, linganisha kipande kinachofuata 9976 au 9987. Kikifanana, anagawa fungu lake.

Mengine haraka haraka. Jalada laini na jalada gumu kila moja linataka namba yake. Kuchapa tena bila kubadili kitu, namba ni ile ile. Ukibadili bei, ile ile. Ukiongeza sura au ukibadili jina la kitabu, namba mpya. Jarida la kikundi linalotoka mfululizo halitumii ISBN, lina ISSN ya tarakimu nane. Namba ya bure unayopewa na Amazon kwa kitabu cha karatasi haitumiki nje ya Amazon, usiende kuibandika kwenye nakala ulizochapa mtaani.

Barkodi, ile mistari inayosomwa na mashine dukani: usinunue. Anayekuambia ukaombe barkodi ya bidhaa anakuzungusha, kwani zile zinazoanza na 620 ni za sabuni na unga wa Tanzania. Ya kitabu huanza na 978 na huchorwa kutokana na ISBN yenyewe, kazi ya dakika mbili kwa msanifu. Upana kamili ni kama milimita 37, unaweza kuipunguza hadi asilimia 80, chini ya hapo mashine huanza kusitasita. Mistari iwe myeusi juu ya nyeupe. Msanifu akikuletea mistari myekundu ili "ioane na jalada", mrudishie: mashine nyingi husoma kwa mwanga mwekundu, na kwao mstari mwekundu ni sawa na karatasi tupu.

Kwenye diwani ya pamoja ya kikundi ndipo kosa linapozaa uadui. Kikundi kinachukua ISBN moja, kinachapa mashairi ya watu ishirini, kisha katibu anadhani mashairi sasa ni ya kikundi. La hasha. Kila shairi linabaki la mtunzi wake mpaka aandike vingine. Karatasi ninayopendelea ina mistari minne tu: naruhusu shairi langu litumike katika toleo hili moja, haki inabaki kwangu, nitapata nakala mbili, baada ya mwaka nina ruhusa kulitumia popote. Saini, tarehe. Kikundi kikitaka kuichapa tena, kiombe tena.

Na kinacholinda kazi ni nini basi? Vitu vya kuchosha. Hifadhi rasimu zako zote zenye tarehe, zile mbaya hasa, maana mwizi ana nakala safi tu. Kwa mpiga chapa, andikianeni idadi. Mashine ya ofseti huchapa karatasi za ziada kwa ajili ya hasara, na hizo ziada zina tabia ya kugeuka vitabu, kwa hiyo andika kwamba utakabidhiwa zote. Unapowapa watu watano PDF waisome kabla, kila mmoja mpe yenye alama yake: ukurasa wa 40 kwa mmoja andika "akaondoka", kwa mwingine "akaenda zake". Ikivuja Telegram, utajua mlango ulioachwa wazi. Inafanya kazi ikiwa tu umeandika mahali nani alipewa ipi, na wengi wetu hatuandiki.

Kama cheti cha COSOTA kinamtisha mtu anayesambaza riwaya kwenye magrupu, mimi nina shaka. Kinakusaidia ukimpata, na kumpata ndiyo kazi. Riwaya na diwani ningesajili. Hadithi fupi moja moja, sidhani kama ningehangaika. Hata ISBN yenyewe, kwa kijitabu cha kurasa 32 unachokiuza mkononi nakala 100 pale Ngamiani, mwongozo utakuambia uichukue. Mimi nikiwa na nafasi 10 tu, ningeitunza kwa kitabu kitakachoingia dukani na maktaba.

Mwenzetu wa jalada jipya, hongera kwa dhati. Fungua ukurasa wa pili wa kitabu chako. Kama hakuna ©, jina lako na mwaka, mpigie msanifu kabla sahani za kuchapia hazijachomwa.