Sindano haina macho

Kazi yangu ni kunakili santuri za zamani na kuziingiza kwenye kompyuta, na hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hili: je, santuri nyeusi inalia vizuri kuliko ya rangi? Jibu langu ni kwamba rangi haina neno. Penye neno ni plastiki yenyewe na jinsi ilivyokandamizwa kiwandani.

Wengi hudhani weusi ndiyo rangi ya asili. Sivyo. PVC, plastiki inayotengenezewa santuri, isipotiwa kitu, huwa karibu angavu. Weusi huletwa na kaboni laini, ambayo kwa lugha ya jikoni ni masizi, tena kiasi kidogo tu. Na rangi nyingine si mtindo wa jana: mwaka 1949, kampuni ya RCA Victor ya Marekani ilipotoa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, ilizipanga kwa rangi kufuatana na muziki. Nyekundu ilikuwa ya klasiki, kijani ya kantri, njano ya watoto.

Wapo wanaosema masizi huondoa umeme tuli, hivyo santuri nyeusi haivuti vumbi. Ni kweli kaboni hupitisha umeme, lakini kwa uchache ule chembe zake hazigusani na umeme haupati njia. RCA hiyohiyo ilipotaka diski inayopitisha umeme hasa, kwa mfumo wake wa video wa mwaka 1981, ililazimika kushindilia kaboni kwa wingi. Santuri ya muziki haiko hivyo. Siku ya hewa kavu, chomoa nyeusi kwenye mfuko wake: vinyweleo vya mkono vitasimama kama ungechomoa nyekundu.

Masizi yana ustadi mmoja usiopingika, nao ni kuficha. Niliwahi kupata nakala mbili za santuri moja, zilizotoka kwenye kalibu ileile, moja nyeusi na moja angavu. Nikaziosha, nikazirekodi kwa sindano ileile. Muziki sikuweza kuutofautisha hata kidogo. Ila katikati ya wimbo mmoja wa taratibu, ile nyeusi ilitoa mlio wa «tik», kisha «tik» tena baada ya sekunde 1.8, mara nne, halafu basi. Sekunde 1.8 ni mzunguko mmoja kamili wa santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika, kwa hiyo nilijua kuna kitu kimekaa mahali pamoja na kugusa mizunguko minne ya mfuo, yaani mchirizi unaofuatwa na sindano. Chini ya hadubini nikakiona: kijipande cha karatasi, kimezama ndani ya plastiki. Mfuo wenyewe una upana wa kama sehemu ya 20 ya milimita, kwa hiyo kijipande hicho kilikuwa jiwe katikati ya barabara. Kilitoka kwenye lebo. Santuri mbovu zilisagwa zikarudishwa mashineni, na lebo haikuondolewa vizuri. Kwenye plastiki angavu, uchafu wa namna hiyo ungeonekana kabla santuri haijatoka kiwandani.

Hata hivyo siwezi kuzitetea santuri zote zisizo nyeusi. Zile zenye picha nzima, mimi nanunua za kutundika ukutani. Picha hubanwa katikati, na mifuo hukandamizwa kwenye utando mwembamba wa plastiki juu yake. Utando huo huvuma, na mvumo unausikia kila muziki unapotulia. Zinazong'aa gizani pia zina kelele, maana unga unaozing'arisha una punje ambazo sindano inazihisi. Za marumaru na za madoadoa hutegemea kiwanda: plastiki mbili zisipoyeyuka na kutiririka sawasawa, mpaka wake husikika.

Kwa anayenunua zilizotumika, hapa ndipo rangi inapohitaji uangalifu. Mkwaruzo kwenye nyeusi unauona papo hapo, taa inauangaza. Kwenye angavu mwanga hupenya, na santuri iliyochakaa huonekana mpya. Ilaze karibu usawa wa jicho, weka kitambaa cheusi nyuma yake, izungushe polepole chini ya taa moja. Na kama gramafoni yako ni ya kujiendesha, inayotambua santuri kwa mwanga, usishangae mkono wa sindano ukikataa kushuka. Kwake yeye, juu ya sahani hakuna kitu.