Gavana hatangazi hali ya hatari

Mafuriko yakibomoa daraja, utasikia watu Kenya wakisema: "Gavana atangaze hali ya hatari, pesa zije." Imani hii ni ya siku nyingi, nayo haina msingi. Katiba ya 2010 inampa Rais pekee uwezo huo, na hata tangazo lake halipiti siku 14 bila Bunge la Taifa kuliongeza. Tena haliji na pesa. Linaruhusu baadhi ya haki kubanwa. Wanaolidai kwa sauti kubwa huenda wangekuwa wa kwanza kulilalamikia.

Pesa zina mlango mwingine. Sheria ya usimamizi wa fedha ya 2012 inairuhusu kaunti, bunge lake likikubali, kuwa na hazina ya dharura. Haja ikiwa ya haraka na haikutarajiwa, waziri wa fedha wa kaunti hulipa kwanza, kisha hulipeleka suala kwa madiwani kuidhinishwa. Kikomo kwa mwaka ni asilimia 2 ya mapato ya kaunti.

Ukame uliotangazwa janga la kitaifa Septemba 2021? Lile lilikuwa janga, si hali ya hatari.