Goti Linauma: M25.5, M17 na Vidonge vya Diklofenaki

Kwenye kadi yangu ya hospitali wameandika M25.5. Ni ugonjwa gani?

Si ugonjwa. Ni namba ya "maumivu ya kiungo" katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, ambayo hospitali nyingi hujaza kwenye takwimu na fomu za bima. Inasema tu kwamba kiungo kinauma na chanzo hakijajulikana. Siku ya kwanza ni namba halali. Ukiikuta bado ipo kwenye hudhurio la sita, ujue goti lako halijapimwa ipasavyo. Uliza kwa nini.

Na M17?

Huo ni usagikaji wa gegedu la goti, yaani osteoathraitisi. Gegedu linaloteleza kwenye ncha za mifupa hulika, mfupa huota vijipembe, na misuli ya paja hunyong'onyea kwa sababu mtu anakwepa kuutumia mguu. M17.0 ni magoti yote mawili bila jeraha la zamani, M17.1 ni goti moja. M17.2 na M17.3 ni za waliowahi kuumia, tuseme kwa bodaboda au mpira: ya kwanza magoti yote, ya pili moja. Ndugu aliyetibiwa Marekani atakuja na ripoti yenye M17.11 (kulia) au M17.12 (kushoto), hizo ni tarakimu za toleo lao. Na goti lililokwisha kupewa M17 haliongezewi M25.5, maana maumivu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Fomu zenye zote mbili kwa goti lilelile zimejazwa ovyo.

Lazima nipigwe picha?

Mara nyingi si lazima. Mtu wa miaka 45 na zaidi, goti linauma akilitumia (ngazi, choo cha kuchuchumaa, kuinuka kutoka mkekani), asubuhi halikakamai au hukakamaa kwa chini ya nusu saa: mtaalamu akilishika na kulikunja anaweza kusema ni M17. Picha ikihitajika, ipigwe umesimama. Ya kulala huficha jinsi nafasi kati ya mifupa ilivyopungua.

Lakini si uzee tu? Nikinunua diklofenaki dukani napata nafuu.

Hapana. Nafuu hiyo ni ya maumivu. Gegedu liko palepale lilipokuwa. Diklofenaki ya miligramu 50 mara tatu kwa siku ndiyo kikomo cha mtu mzima, nayo ni ya siku chache, chini ya uangalizi. Watu wanaimeza miezi, wengine miaka, kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeuthibitisha. Halafu wanaletwa wakiwa wametapika damu, au figo zimechoka, au presha haishuki na hakuna anayeeleza sababu. Vibaya zaidi ni kuichanganya na losatani au enalaprili (dawa za presha) pamoja na dawa ya presha ya kukojoza: dawa hizo tatu zikikutana, figo zinaweza kufeli.

Mimi nakunywa baada ya kula.

Hapana, bado. Chakula hupunguza kiungulia, hakizuii kidonda. Dawa ikishaingia kwenye damu huuondolea ukuta wa tumbo kinga yake, hata kama ulichomwa sindano na hukumeza kitu. Vidonda vingine havitoi dalili mpaka siku vinapovuja. Ukipata choo cheusi kama lami, acha dawa na uende hospitali saa hiyohiyo.

Na vile vidonge vidogo vya kuchanganyia na diklofenaki?

Mara nyingi ni prednisoloni au deksamethasoni, dawa za jamii ya steroidi zinazotuliza uvimbe haraka. Ndiyo maana goti "linapona" kwa siku mbili. Ukiendelea navyo sukari hupanda, mifupa hulegea, uso huvimba, na ukichanganya na diklofenaki hatari ya kidonda cha tumbo huongezeka sana. Uliyevitumia wiki nyingi usiache ghafla. Sema ukweli hospitalini, upunguziwe dozi taratibu. Tafadhali, usimpe jirani.

Basi nifanye nini?

Paja kwanza. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mpaka goti linyooke, hesabu mpaka tano, shusha polepole. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni, kwa wiki nane angalau kabla ya kusema halisaidii. Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayadhuru. Yakibaki hadi kesho yake, punguza idadi. Mwenye uzito mkubwa apunguze: kila kilo inayotoka hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Fimbo ishikwe mkono wa upande usiouma (wengi hushika kinyume). Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kigoda chenye tundu, na sala iswaliwe kitini. Jeli ya diklofenaki ya kupaka hufaa goti na huingia kidogo sana kwenye damu kuliko kidonge. Kidonge kikihitajika, mtu aliyekupima ndiye akuandikie, akiwa ameona presha yako na vipimo vya figo.

Lini nisisubiri hata kesho?

Goti likivimba ghafla, likawa la moto, hulikunji, na una homa. Huenda kiungo kina usaha, namba yake M00, nao huweza kulila gegedu ndani ya siku chache. Usilikande, usilichue, usiende dukani. Hospitali watanyonya maji ya goti kwa sindano na kuyapeleka maabara, ikiwezekana kabla ya antibaotiki. Huenda ikawa gauti (jongo) tu, M10, lakini kwa macho hazitofautishwi. Baada ya kuanguka, goti likivimba ndani ya saa chache au mguu usikanyagike, nenda siku hiyohiyo pia.