Kugeuza namba kuwa maneno ya Kiingereza: dhana potofu na ukweli

Wengi wanaoanza kujifunza kuandika programu huamini kwamba kigeuzi cha namba kuwa maneno ya Kiingereza kinahitaji orodha ndefu ya maneno, ambayo huzidi kurefuka kadiri namba zinavyokuwa kubwa. Ukweli ni kwamba maneno 20 ya sifuri hadi 19, maneno 8 ya makumi kuanzia 20 hadi 90, neno la mia, na majina ya elfu, milioni na bilioni, yaani maneno 32 tu, yanatosha kutaja kila namba kamili iliyo chini ya trilioni moja. Kazi yenyewe imo katika kundi la tarakimu tatu. Namba 45,070,312 hukatwa kuanzia kulia kwa kuigawanya kwa 1,000 na kuchukua baki, tukapata 312, 70 na 45. Kila kundi hupitishwa kwenye funksheni (kipande cha programu kinachofanya kazi moja) ileile, kisha huongezewa jina la nafasi yake: “forty-five million seventy thousand three hundred twelve”.

Wapo wanaodhani kwamba sifuri haina matatizo, ilhali hapo ndipo programu nyingi huharibikia. Chukua 5,000,018. Kundi la katikati ni tupu, na programu isiyolikagua itaandika “five million thousand eighteen”, maneno yasiyo na maana, badala ya “five million eighteen”. Mwandishi akirekebisha kosa hilo kwa kuruka kila kundi tupu, anazaa lingine: namba 0 yenyewe sasa haitoi neno lolote. Kwa hiyo sifuri ishughulikiwe peke yake mwanzoni kabisa, kwa sababu ndiyo mahali pekee ambapo “zero” huandikwa.

Si kweli pia kwamba majina ya makumi yanaweza kuundwa kwa kuunganisha jina la tarakimu na kiambishi. Njia hiyo huzaa “threety”, “fivety” na, lile linalopita bila kuonekana kwa urahisi, “fourty”. Kiingereza huandika “fourteen” kwa herufi u lakini “forty” bila herufi hiyo. Ni salama zaidi kuyaandika maneno yote kamili.

Dhana nyingine ni kwamba kila namba ina tamko moja sahihi. Waingereza husema “three hundred and forty-five”, na Wamarekani kwa kawaida huacha “and”. Anayefuata mtindo wa Uingereza asifunge kanuni hiyo kwenye mamia peke yake, kwa maana 1,005 haina mia hata moja na bado husomwa “one thousand and five”. Hata bilioni ilikuwa na maana mbili: Uingereza ilikuwa milioni ya milioni, hadi serikali ilipokubali mwaka 1974 kutumia maana ya milioni elfu moja katika takwimu zake.

Kuhusu namba hasi, huelezwa kwamba inatosha kuondoa alama na kutanguliza “minus”. Inatosha karibu kila mara. Lakini namba kamili ya biti 32, yaani inayohifadhiwa kwenye kompyuta kwa nafasi 32 za 0 au 1, huanzia -2,147,483,648 na kuishia 2,147,483,647, kwa hiyo ile ndogo kuliko zote haina mwenzake chanya. Katika lugha ya Java, kuitafutia thamani halisi, yaani ukubwa wake bila alama ya hasi, hurudisha namba ileile hasi. Ihamishiwe kwanza kwenye biti 64.

Linaloniumiza zaidi ni imani kwamba senti hupatikana kwa kuzidisha desimali kwa 100 na kukata kinachobaki. Katika kompyuta nyingi 0.29 mara 100 hutoa 28.999999999999996, na ikikatwa hubaki 28. Kwenye hundi kosa hilo ni zito, kwa kuwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu hati za malipo inasema kwamba maneno na tarakimu zikitofautiana, kiasi cha kulipwa ni kile cha maneno. Kiasi cha fedha kihifadhiwe tangu mwanzo kama namba kamili ya senti, kisha kigawanywe kwa 100 ndipo maneno yaandikwe.