Waridi hufuata juu, mwani hufuata chini

Mezani pangu pa kazi ipo chupa ya maji ya bahari yenye mwani wa kijani uitwao asetabularia. Chini una kitu kama mizizi iliyoshika kijiwe, katikati bua jembamba kama uzi, juu kofia ya duara iliyofunguka kama mwavuli. Ukiutazama kwa haraka utaapa ni ua. Unaweza kufika sentimita 5 au zaidi, lakini wote ni seli moja tu, na kiini chake kimoja kimejificha chini kabisa, kwenye vile vijizizi.

Napenda kuulinganisha na mwaridi kwa sababu vyote viwili vinakubali kukatwa na kuunganishwa.

Aliyewahi kubebesha waridi anajua: kikonyo cha waridi jekundu ukikifunga vizuri kwenye shina la mwaridi mwitu, ua litakalotoka ni jekundu. Shina la chini huleta maji na madini. Kuhusu umbo la ua halina neno. Karibu kila seli hai ya kikonyo ina kiini chake chenye maelekezo ya mmea mzima.

Miaka ya 1930 mwanabiolojia Mjerumani Joachim Hämmerling alijaribu jambo kama hilo kwa asetabularia za spishi mbili, moja yenye kofia ya duara kamili, nyingine yenye kofia iliyochanika kama vidole. Bua la ile ya kwanza aliliunganisha na kitako cha ya pili. Kofia ya kwanza kuota ilikuwa na sura ya mchanganyiko. Akaikata. Iliyofuata ikawa ya vidole, sawasawa na kitako.

Ule mchanganyiko ndio unaonivutia zaidi. Bua lisilo na kiini bado lilikuwa na usemi! Hata likiachwa peke yake huweza kuotesha kofia moja. Ya pili hushindwa. Leo tunajua kwamba kiini hutuma juu nakala za maelekezo yake, yaani RNA, nazo hukaa buani zikingoja wakati wake. Zikiisha hakuna wa kuleta nyingine.

Kofia ikikomaa, kiini hugawanyika kuwa viini vidogo maelfu, navyo hupanda hadi kwenye vyumba vya kofia na kufungiwa humo katika vifuko vigumu vya uzazi. Kwa hiyo nikiona bua limeanza kupauka huku kofia imejaa vidoa vya kijani, najua kule chini hakuna tena kiini. Vyote viko juu.